Chozi wa Pemba: maswali ninayoulizwa mara kwa mara na watu wa Mwanza

Ukijulikana mtaani kwamba wewe ni mtu wa ndege, wengi watakuuliza habari za furukombe wa kisiwa cha Saanane na korongo wanaozengea mabaki ya samaki pale mwalo wa Kirumba. Hilo ni la kawaida. Lakini kila ninapotaja kwamba nchi yetu ina ndege wadogo wanaoishi kisiwa kimoja tu duniani kote, na kisiwa chenyewe ni Pemba, maswali hayaishi. Nimeyakusanya hapa yale yanayorudiwa zaidi. Mengi yametoka kwa vijana wa Ilemela na Nyamagana, machache yametoka Ukerewe, na ya Ukerewe ndiyo makali.

Chozi wa Pemba ni ndege gani hasa?

Ni ndege mdogo mwenye mdomo mwembamba uliopinda kuelekea chini, urefu wake kama sentimita 10 hivi kutoka ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia. Dume ana kichwa, koo na mgongo wa kijani kinachomeremeta, mkanda wa zambarau kifuani na tumbo jeusi. Jike ni wa kawaida sana: kijivu juu, chini njano iliyopauka. Ukimwona jike peke yake unaweza kumpita bila kugeuka.

Mng'ao wa dume hautokani na rangi kama ya kanga. Unatokana na jinsi manyoya yenyewe yalivyoumbika, kwamba mwanga ukiyapiga hurudi ukiwa wa kijani au wa zambarau kulingana na pembe unayotazamia. Ndiyo maana ndege yuleyule akiwa kivulini utaapa ni mweusi tii, akisogea hatua moja juani anawaka. Watu wengi hubishana kuhusu rangi ya ndege huyu na wote wanakuwa wameona sawasawa.

Bustanini kwetu Isamilo yuko mmoja mdogo, anang'aa, ana mkia mrefu. Ndiye?

Hapana. Huyo ni chozi kweli, lakini si wa Pemba. Kama ana mstari mwekundu kifuani na manyoya mawili ya katikati ya mkia yamezidi mengine, huyo ni chozi kifua-chekundu wa kwetu, anayependa sana nchi zinazozunguka Ziwa Victoria na Naili ya juu. Mtu wa Dar es Salaam angelipa nauli kuja kumwona, na wewe unaye juu ya waya wa kuanikia nguo. Kama ni mkubwa kidogo, mwili wa rangi ya kahawia iliyokolea, na kifua chote chekundu kama kimemwagiwa rangi, huyo ni aina nyingine tena, naye yupo mjini kwetu.

Familia ya chozi ina aina zaidi ya 140, nyingi zikiwa Afrika, kwa hiyo usione haya kuwachanganya.

Hayupo kabisa kwingine? Hata Unguja?

Hata Unguja hayupo. Unguja kuna chozi wa aina nyingine, wale wale wa pwani ya bara. Wa Pemba anakaa Pemba na visiwa vidogo vilivyo karibu nayo, basi.

Ukerewe ni kisiwa kikubwa. Mbona hatuna ndege wetu peke yetu?

Hili ndilo swali nilipendalo, na mzee mmoja wa Nansio aliliuliza kwa uchungu kidogo, kana kwamba mimi ndiye niliyewanyima.

Ukerewe ni kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ziwa Victoria, kina zaidi ya kilomita za mraba 500. Pemba ni karibu 1,000. Pemba inaizidi karibu mara mbili, lakini si hilo linaloamua. Tofauti iko kwenye maji yanayowazunguka, na muda ambao maji hayo yamekuwepo.

Anza na Pemba. Kati yake na bara kuna mkondo wa bahari wa kama kilomita 50, na kina chake ni mita 700 hadi 800. Sasa, kipindi cha baridi kuu ya dunia, kama miaka 20,000 iliyopita, maji mengi yaliganda kuwa barafu na bahari ikashuka kwa takribani mita 120. Unguja, ambayo mkondo wake una kina cha makumi ya mita tu, ilibaki nchi kavu iliyoungana na bara. Chui, kima na ndege walikwenda na kurudi kwa miguu na kwa mabawa. Mafia vilevile. Pemba haikuunganika. Ukitoa mita 120 kwenye mita 700, bado kuna bahari ya kutosha kuzamisha meli. Wanajiolojia wengi wanasema Pemba ilijitenga mamilioni ya miaka iliyopita na tangu hapo haikurudi.

Kwa hiyo chozi waliofika Pemba zamani, labda kwa kupeperushwa na upepo, walibaki huko vizazi na vizazi bila kuchanganyika na ndugu zao wa bara. Mabadiliko madogo madogo ya manyoya, ya mdomo na ya mlio yakarundikana hadi wakawa aina yao. Jamaa yao anayefanana nao sana, mwenye kifua cha zambarau, yuko pwani ya Kenya na Somalia.

Njoo sasa kwetu. Ziwa Victoria ni kubwa ajabu, kama kilomita za mraba 68,800, lakini ni bakuli pana lisilo na kina: sehemu yake ya ndani kabisa ni mita 80 tu na kidogo. Na si la zamani kama tunavyodhani. Matope yaliyochimbwa chini ya ziwa yanaonyesha kwamba kati ya miaka 17,000 na 15,000 iliyopita lilikauka. Nakwambia lilikauka, mahali ambapo leo kina mama wanaanika dagaa ufukweni palikuwa ukingo wa mbuga. Ukerewe ilikuwa kilima. Ukara ilikuwa kilima. Saanane ilikuwa rundo la mawe kama yale ya Bugando.

Tena hata leo, mlango wa maji kati ya Kisorya na Rugezi ni mwembamba, watu wanauvuka kwa kivuko. Chozi anauvuka bila hata kufikiri. Ndege wa Ukerewe wanaoa Bunda, wa Bunda wanahamia Ukerewe. Hapo aina mpya itatoka wapi?

Basi ziwa letu halikutoa kitu cha peke yake?

Limetoa, tena kwa fujo, ila ndani ya maji. Furu, samaki wadogo wa Ziwa Victoria, wamekadiriwa kuwa aina zaidi ya 500, na karibu wote hawapatikani popote pengine. Walichipuka ndani ya muda uleule mfupi tangu ziwa lilipojaa upya. Mtu ataniuliza, mbona furu wameweza haraka na ndege wameshindwa? Furu hawezi kuruka mpaka Geita. Amefungiwa, anazaa upesi, na kila mwamba na kila kina cha maji kina chakula chake na mwanga wake. Tena wazazi wa furu walikuja kutoka mito tofauti wakachanganya damu, kwa hiyo walianza na mtaji mkubwa wa tofauti.

Na upande wa ndege hatuko mikono mitupu. Kuna tiva wa mafunjo, mweusi mgongoni, kifua chekundu, utosi wa njano, ambaye anaishi kwenye mafunjo tu. Si kisiwa kinachomfunga, ni mmea. Hapatikani Tanzania peke yake, yuko pia Uganda, Kenya na nchi jirani, lakini kokote aliko yuko ndani ya mafunjo. Kila eneo la mafunjo linalokatwa na kuchomwa ili kulima mboga ni kisiwa chake kinachozama. Nikipewa nafasi ya kumlilia ndege mmoja wa ziwa, nitamlilia huyo kabla ya wengine wote.

Chozi ndiye yule ndege anayeelea mbele ya ua kama helikopta?

Yule wa kwenye video za simu, anayepiga mabawa mpaka hayaonekani, ni wa mabara ya Amerika. Afrika hatuna hata mmoja. Chozi wetu anaweza kuelea kwa sekunde chache, lakini kawaida yake ni kutua kwenye kijiti, kujikunja, na kuingiza mdomo. Wamefanana kwa sababu ya kazi, si kwa sababu ya ukoo.

Wanamwita ndege mwimbaji. Kwani anaimba vizuri?

Kwa sikio langu, hapana. Ni milio mikali, ya haraka haraka, inayopanda na kushuka kabla hujaifuata. Yupo kwenye kundi la ndege waimbaji kwa sababu ya umbo la kisanduku chake cha sauti, ambacho kina misuli mingi, na kwa sababu ndege wa kundi hilo hujifunza nyimbo zao kwa kuwasikiliza wakubwa. Kwa kipimo hicho hicho kunguru naye ni ndege mwimbaji. Ndiyo, kunguru. Wanafunzi hucheka kila nikilisema hili.

Anakula nini, na ana faida gani kwa binadamu?

Maji matamu ya maua ndiyo nguvu yake ya kukimbia huku na huku, lakini nyama ya mwili inatoka kwa wadudu wadogo na buibui. Makinda hulishwa zaidi wadudu, kwa sababu huwezi kukuza mtoto kwa sukari.

Faida yake ni kuhamisha chavua. Chunguza chozi yeyote anayetoka kwenye ua la mshubiri: kipaji cha uso kina vumbi la njano. Anakwenda nalo kwenye ua linalofuata. Kwenye maua yenye shingo ndefu kupita mdomo wake wakati mwingine anafanya wizi, anatoboa ubavuni na kunywa bila kugusa chavua. Ukitazama vizuri maua ya haibiskasi utaona vitundu vidogo chini karibu na kikonyo. Huyo mwizi si nyuki peke yake.

Anapenda pia ua la mgomba. Watu wa Kagera watanielewa: lile jekundu-zambarau linaloning'inia chini ya mkungu, likifungua kanga yake moja, chozi wanafika kabla ya nyigu.

Kiota chake kikoje?

Chozi kwa jumla hujenga kiota kama kifuko kinachoning'inia, chenye mlango ubavuni, mara nyingi na kipaa kidogo juu ya mlango. Jike ndiye fundi. Huleta nyuzi za utando wa buibui, majani makavu, vipande vya maganda, na huvifunga pamoja hadi kiota kinaonekana kama takataka iliyonaswa na tawi. Mayai ni moja au mawili, mara chache zaidi.

Ukikuta kifuko cha namna hiyo kimeshikizwa kwenye waya wa taa barazani, usikipige ufagio.

Pemba ina ndege wengine wa peke yake?

Wako wanne wote. Chozi, kinengenenge wa Pemba, ambaye naye ni ndege mwimbaji, wa njano iliyoiva na pete nyembamba nyeupe kuzunguka jicho, ninga wa Pemba, njiwa wa kijani anayekula matunda, na bundi mdogo wa Pemba ambaye utamsikia usiku kuliko kumwona. Kisiwa kidogo hivyo kuwa na wanne ni jambo kubwa. Unguja, pamoja na ukubwa na umaarufu wake, haina hata mmoja.

Nani aliyemgundua?

Wapemba, bila shaka, kwa sababu walikuwa naye kwenye mikarafuu yao. Aliyempa jina la kisayansi, *Cinnyris pembae*, ni Mjerumani Anton Reichenow, mwaka 1905. Kinengenenge alipewa jina na Mwingereza David Bannerman mwaka 1924, na bundi na ninga walifuata mwaka 1937 na 1940.

Yuko hatarini kutoweka?

Kwa sasa hapana, na sababu yake inapendeza. Pemba imekatwa misitu sana. Tufani ya mwaka 1872 iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja na kuiacha Pemba karibu salama, na tangu hapo Pemba ndiyo shamba kubwa la karafuu la Zanzibar. Leo kuna watu zaidi ya 500,000 kwenye kisiwa ambacho unakivuka kwa gari asubuhi moja. Msitu mkubwa wa asili uliobaki ni ule wa Ngezi, kaskazini magharibi, na vipande vidogo vingine.

Chozi na kinengenenge walizoea. Wako kwenye mikarafuu, kwenye vichaka, kwenye bustani za nyumba, hata mitaani Chake Chake. Bundi na ninga ndio wanaotia wasiwasi, kwa sababu wanahitaji miti mikubwa, ya kuzalia na ya kula matunda yake.

Lakini tusijidanganye. Ndege aliyeko kwenye kisiwa kimoja hana akiba. Chozi wa kwetu wa ziwa akiisha Mwanza, atatoka Musoma au Bukoba. Wa Pemba akiisha Pemba, ameisha duniani.

Kwa nini serikali isimlete Saanane au Rubondo, visiwa vyetu vya hifadhi, tumwone bila kusafiri?

Nasikia hoja hii mara nyingi, na wanaoitoa wana mfano: Rubondo waliletwa sokwe miaka ya 1960, wakaletwa twiga na tembo, na mwaka 2000 wakaachiwa huko kasuku wa kijivu walionaswa mikononi mwa wafanyabiashara. Kweli. Hao kasuku walihitaji mahali pa kwenda.

Chozi wa Pemba ana kwake, na yuko salama kwake. Akija huku atakuta chozi wetu wameshagawana maua, na kama angeshinda, angeshinda kwa hasara ya wa kwetu. Watu wa ziwa hili ndio wa mwisho duniani wanaopaswa kuambiwa habari ya kiumbe mgeni. Sangara aliletwa miaka ya 1950, na kufika miaka ya 1980 furu wengi mno walikuwa wametoweka. Sikatai kwamba sangara amejenga nyumba nyingi Mwanza. Nasema tu tunajua bei yake.

Naweza kumfuga?

Hapana. Sheria kando, chozi anakunywa mara kwa mara kutwa nzima na hawezi kukaa na njaa muda mrefu. Kwenye tundu anakufa upesi. Panda mshubiri na haibiskasi dirishani, watakuja wenyewe na wataondoka wenyewe.

Kutoka Mwanza nafikaje Pemba?

Kwa ndege, unakwenda Dar es Salaam kisha unabadilisha, na ndege ndogo zinatua Chake Chake, nyingine zikipitia Unguja. Kwa basi, unaanzia stendi ya Nyegezi hadi Dar, kisha boti kupitia Unguja, nayo inatia nanga Mkoani, kusini mwa kisiwa. Kuna pia vyombo vya kutoka Tanga, lakini ulizia siku zake kabla hujakata tiketi ya basi.

Jambo moja watu wa bara hulisahau: misitu na wanyamapori si mambo ya Muungano. Kuingia msitu wa Ngezi unalipa na kuandikishwa kwa idara ya Zanzibar. Kadi yako ya kuingilia hifadhi za bara haina kazi pale.

Nikifika, nimtafute wapi na saa ngapi?

Usikimbilie msituni. Kaa kwenye bustani ya nyumba ya wageni, kuanzia jua linapochomoza hadi saa tatu asubuhi, karibu na mti wowote uliochanua. Chozi wana ratiba: dume akishalimiliki ua zuri hulirudia kila baada ya dakika chache na kumfukuza kila anayelisogelea. Ukimkosa, subiri palepale, usimfuate. Ngezi nenda baadaye kwa ajili ya ninga, na ukae hadi giza kwa ajili ya bundi. Mkiwa njiani simameni Kidike kuwaona popo wakubwa wa Pemba wakining'inia mchana kweupe, nao hawapatikani popote pengine.

Vaa kwa heshima unapopita vijijini, na salimia kwanza kabla ya kunyanyua darubini. Mtu anayeelekeza bomba kwenye uwa wa watu bila hodi hapendwi Pemba, na hata Nyakato hapendwi.

Simu inatosha kumpiga picha?

Simu ya kawaida itakupa nukta nyeusi. Njia inayofanya kazi ni kulenga ua badala ya ndege: weka simu karibu na ua analolirudia, iwashe video, ondoka. Baadaye unachagua picha moja kutoka kwenye video. Kwa dume hakikisha jua liko nyuma yako, la sivyo mng'ao wote unapotea.

Sina nauli ya Pemba mwaka huu. Nianzie wapi hapa Mwanza?

Anza na chozi ulio nao. Kapri Point na Saanane asubuhi, kwenye mshubiri unaoota kati ya mawe. Mikrismasi iliyochanua barabarani. Bustani za Malimbe. Jifunze kutambua aina tatu kwa vifua vyao, kisha jaribu majike, ambao ni mtihani kweli. Andika tarehe, mahali na ua alilokuwa akinywa. Kumbukumbu kutoka upande wetu wa ziwa bado ni chache ukilinganisha na Arusha au pwani, na Atlasi ya Ndege ya Tanzania, inayokusanya taarifa tangu miaka ya 1980, hupokea za mtu yeyote anayeandika kwa uangalifu. Ukiona chozi usiyemwelewa, chora kifua chake kabla hujamwonyesha mtu, kwa sababu ukishasikiliza maoni ya wenzako rangi zitaanza kubadilika kichwani.